Kotlin inasema orodha ni ya kusoma tu, mbona kilo zinabadilika? Wataalamu wa Mtwara na Lindi njooni

#1 Kijana wa Chikongola
Wakuu, kuchele. Niko Mtwara mjini, natengeneza programu ya simu ya kupimia korosho kwa ajili ya chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja. Karani anapandisha gunia kwenye mizani, anaingiza kilo, simu inajumlisha, mwisho printa ndogo ya bluetooth inatoa karatasi ya mkulima. Nimeiandika kwa Kotlin, lugha ya kuandikia programu.

Juzi kimetokea kitu kimeninyima usingizi. Mzee mmoja kaleta gunia 15. Kioo cha simu kikaonyesha kilo 1,243. Karatasi ikatoka na 1,228. Mzee hakusema neno. Alinitazama tu, akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati. Mnajua korosho ni nini kwa mtu wa huku. Ada, bati za nyumba, harusi ya mtoto, vyote vinasubiri ile karatasi. Nilijiona nimemwibia.

Kinachonichanganya ni hiki. Orodha ya mizigo nimeificha ndani ya klasi (fungu la msimbo lenye data zake), na nje natoa List (orodha ya kusoma), siyo MutableList (orodha inayobadilishika):

private val mizigo = mutableListOf<Mzigo>()
val orodha: List<Mzigo> = mizigo

Ukurasa wa kuprinti unapokea hiyo "orodha" peke yake. Hauna add ya kuongeza, hauna remove ya kutoa. Nilifundishwa kwamba List ya Kotlin haibadiliki. Kama haibadiliki, kilo 15 zimeenda wapi njiani kutoka kwenye kioo hadi kwenye karatasi? Nielezeni kama kosa ni langu au lugha inatudanganya kwa jina.

#2 NgalawaMikindani
Aliyekufundisha alikosea neno moja tu, lakini ndilo neno lenyewe. List ni ya *kusoma tu*. Hakuna mahali Kotlin imesema *haibadiliki*.

Chukulia ghala lenye dirisha la nondo. Wewe uko nje unachungulia. Mkono haupiti, huwezi kuongeza gunia wala kutoa. Lakini ndani yupo mtu mwenye ufunguo wa mlango, na akihamisha magunia wewe utayaona yanahama. "orodha" na "mizigo" hapo kwako ni orodha moja yenye majina mawili. Jina la kwanza lina mlango, la pili lina dirisha.

Mpe mtu wa kuprinti nakala: mizigo.toList(). Hiyo inatengeneza orodha mpya.

#3 Fundi Ligula
Ugonjwa huu ni mkubwa kuliko Kotlin, kijana wangu. Sisi tulioanza na Java tumeuguzwa nao miaka mingi. Java haikutenganisha kabisa: kiolesura, yaani orodha ya amri unazoruhusiwa kuita, ni kimoja, List, na add imo ndani yake. Ukitaka kuzuia unaifunika kwa Collections.unmodifiableList. Kompaila, yaani kikaguzi na kitafsiri cha msimbo, inakuruhusu kuita add bila kelele, halafu programu ikishaanza kazi ndipo inakurushia kosa la UnsupportedOperationException usoni. Angalau Kotlin inakukatalia ukiwa bado unaandika.

Na hiyo unmodifiableList nayo ni dirisha vilevile, siyo nakala. Mwenye orodha ya chini akiibadilisha, unaona. Nakala halisi ilikuja na List.copyOf, Java 10, mwaka 2018. Kabla yake tulikuwa tunajaza ArrayList mpya kwa mkono.

#4 Kijana wa Chikongola
Shukrani wakuu. Ngalawa, nimefuata ulivyosema, nimeandika

val orodha: List<Mzigo> = mizigo.toList()

na sasa karatasi inatoka TUPU. Kilo sifuri. Bora ile ya jana.

#5 NgalawaMikindani
Hapo nilikuharakisha, samahani. Ukiiandika hivyo, nakala inapigwa mara moja, wakati klasi inazaliwa, na saa hiyo hakuna gunia hata moja. Weka get, ili nakala ipigwe kila inapoombwa:

val orodha: List<Mzigo> get() = mizigo.toList()

#6 Mwera wa Ruangwa
Nawasalimu watani zangu wa Mtwara. Mimi ni wa lugha ya C#, na kwetu jambo hili limekaa vizuri kuliko kwenu wote. Tuna IReadOnlyList kwa kusoma, tuna IList kwa kubadilisha. Hatuchanganyi.

#7 Fundi Ligula
Mtani, limekaa vizuri wapi? IList ya kwenu hairithi IReadOnlyList. IList ya jenerika (inayotaja aina ya vilivyomo) ilikuja 2005, IReadOnlyList ikaja 2012 na .NET 4.5, jukwaa la C#, na kwa kuwa dunia nzima ilishaandika klasi zake juu ya IList, kuipa mzazi mpya uzeeni kungevunja kazi za watu. Fanksheni (kipande cha programu chenye kazi yake) ikiomba IReadOnlyList, na wewe mkononi una kitu kilichotangazwa kama IList, kompaila inakugomea, wakati kila anayeandika anaweza kusoma pia! Na safu ya kawaida, ile yenye urefu usiobadilika, kwenu inajiita IList. Ukiiongezea kitu kwa Add inakurushia NotSupportedException. Ni jeraha lilelile la Java.

#8 Mwera wa Ruangwa
Hilo la safu nakubali, linaudhi. Ila klasi List yenyewe inatekeleza vyote viwili, kwa hiyo kazini tatizo unalolisema hulioni mara nyingi.

#9 PwezaWaKilwa
Mimi sijui programu ila nimeusoma uzi wote nikiwa kwenye boti. Kwa nini lugha zenu zina majina ya visiwa? Java kisiwa cha Indonesia, Kotlin nimetafuta nikaambiwa ni kisiwa karibu na St. Petersburg. Sisi tuna Kilwa Kisiwani, tuna Songo Songo, tuna Songo Mnara, na hakuna lugha hata moja ya kompyuta.

#10 Binti Shangani
Tengeneza wewe Pweza, sisi tutaitumia 😀

Nirudi kwenye mada. Mimi naandika Flutter, zana ya kutengenezea programu, kwa lugha ya Dart. Dart imefuata njia ya Java, List moja yenye add. Ila nilichokipenda ni kwamba majina yake yanakuambia unachukua kipi. Ukiandika List.unmodifiable unapata nakala isiyoguswa. Ukiandika UnmodifiableListView unapata dirisha. Hilo neno la mwisho linakuonya kwamba mwenye mali bado yuko ndani. Kotlin imekupa neno moja, List, ukutane nalo penye dirisha na penye nakala. Kwa hiyo namuunga mkono mwenye uzi: jina lina lawama.

#11 NgalawaMikindani
Jina halina kosa, Binti. List maana yake "mimi naahidi kusomeka". Haijaahidi kingine. Anayeongeza ahadi ambayo haikutolewa alaumu masikio yake.

#12 Mwalimu wa Newala
Niingie hapo, maana swali la ahadi ndilo swali la kitaaluma.

Barbara Liskov, mwanasayansi wa kompyuta, alitoa hotuba mwaka 1987 kuhusu urithi wa aina, yaani aina moja ya data kuwa mtoto wa nyingine, na mwaka 1994 yeye na Jeannette Wing wakaliandika jambo hilo kwa ukamilifu. Watu wengi wanaikumbuka kwa sentensi moja: palipo na mzazi, mtoto aweze kukaa bila kuharibu kitu. Wanasahau sehemu inayotuhusu hapa, kanuni ya historia. Mtoto haruhusiwi kupitia mabadiliko ambayo mtu anayemjua mzazi tu asingeyategemea kamwe.

Sasa pima. Kama List ingeahidi *sibadiliki*, basi MutableList kuwa mtoto wake ingekuwa uongo wa wazi: mtu ana List mkononi, ameambiwa haibadiliki, na mtoto anabadilika mbele ya macho yake. Kwa kuwa List imeahidi *nasomeka* tu, na haikusema chochote kuhusu kesho, MutableList ni mtoto halali. Ndiyo sababu waliotengeneza Kotlin hawakuweza kuahidi zaidi. Wangeahidi, ukoo wote ungevunjika.

Kwa hiyo Ngalawa yuko sahihi kimantiki. Na Binti yuko sahihi kibinadamu, maana kila mwaka nafundisha jambo hili na kila mwaka nusu ya darasa inaandika kwamba List haibadiliki.

#13 Mwera wa Ruangwa
Mwalimu, basi suluhisho si kuwa na mzazi mmoja na watoto wawili? Mzazi asomeke tu bila ahadi. Mtoto wa kwanza aahidi kutobadilika, wa pili aweze kubadilishwa. Wale wawili wawe ndugu, asiwepo wa kumzaa mwenzake.

#14 Mwalimu wa Newala
Ndivyo lugha ya Scala ilivyofanya. Seq (vitu vilivyopangwa kwa mfuatano) ya juu ni mzazi, chini yake ipo familia ya zisizobadilika na familia ya zinazobadilika. Na hata wao iliwachukua muda. Mpaka toleo la 2.13, mwaka 2019, ukiandika Seq bila maelezo ulikuwa unapata yule mzazi asiye na ahadi. Tangu hapo unapata isiyobadilika. Ni badiliko la neno moja, lakini watu walihangaika kuhamisha misimbo yao.

Kotlin nayo ina maktaba ya pembeni, kotlinx.collections.immutable, yenye ImmutableList na PersistentList. Haiji na lugha, unaiongeza mwenyewe.

#15 Fundi Ligula
Waliotengeneza Java waliulizwa swali hilohilo. Kwenye maelezo yao rasmi ya usanifu walijibu kwamba ukianza kutenganisha hutajua pa kuishia. Utataka orodha ya kusoma tu, isiyobadilika, ya urefu mmoja lakini vitu vinabadilishika, ya kuongeza mwisho tu kama daftari la kumbukumbu, halafu zidisha hizo kwa seti na ramani. Violesura vinakuwa msitu. Wakachagua vichache na eksepsheni, yaani kosa linalorushwa programu ikiwa kazini. Wao wenyewe walikiri kwamba huo ndio uamuzi wao uliozua ubishi kuliko wote.

Nilikuwa nawalaumu. Siku hizi nawaelewa, ingawa bado naumia.

#16 Kijana wa Chikongola
Nimeweka get kama ulivyosema Ngalawa. Karatasi inatoka. Ila leo asubuhi imerudia: gunia 9, kioo 741, karatasi 734. Na safari hii nina uhakika ukurasa wa kuprinti umepokea nakala.

#17 Binti Shangani
Subiri. Mara ya kwanza gunia 15, tofauti kilo 15. Kuna mahali unakata uzito wa gunia tupu?

#18 Kijana wa Chikongola
Ndiyo! Karani akibonyeza "Maliza", programu inapita kila mzigo na kupunguza kilo moja ya gunia. Sikuona kabisa kwamba namba zinafanana.

#19 Binti Shangani
Na kwenye Mzigo, kilo umeitangaza kwa val (haibadilishwi) au var (inabadilishwa)?

#20 Kijana wa Chikongola
var.

#21 Binti Shangani
Basi ndiyo hiyo. Umenakili orodha, hujanakili mizigo. toList inakupa daftari jipya lenye mistari ileile, lakini kila mstari unaelekeza kwenye gunia lilelile lililo ghalani. Aliye ndani akichota kilo moja, daftari zote mbili zinaona. Kiolesura cha kusoma tu kinalinda orodha, hakilindi vilivyomo. Unaweza kushika List na bado ukaandika orodha[0].kilo = 5.0, na kompaila haitasema kitu.

Geuza kilo iwe val. Kwenye kukata, tengeneza Mzigo mpya kwa copy, weka kwenye orodha mpya. Mimi nilishapoteza wiki nzima kwa hilihili kwenye programu ya duka la dawa. Bei ilikuwa inabadilika kwenye risiti za jana.

#22 NgalawaMikindani
Kwa gunia 15 nakubaliana nawe kabisa. Lakini gunia 9 zimetoa tofauti ya 7. Zingekatwa zote ingekuwa 9.

Mimi naona kuna thredi mbili, yaani kazi mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja ndani ya programu. Moja inakata, nyingine inasoma kwa ajili ya printa. Ya pili imefika kusoma wakati ya kwanza imekata saba na bado mbili.

#23 PwezaWaKilwa
Thredi si ndiyo uzi? Kwa hiyo humu kuna uzi unaojadili nyuzi mbili zinazogombania magunia.

#24 Fundi Ligula
Na nyuzi zikigombana vibaya unapata ConcurrentModificationException, Pweza. Ila hiyo inatokea orodha ikiongezwa au kupunguzwa wakati mwingine anaipitia. Wala haihitaji thredi mbili: futa kitu kwenye orodha ukiwa ndani ya for yake mwenyewe, utaiona. Kijana hajaipata kwa sababu hakuna gunia lililotolewa, kilichobadilika ni kilo ndani ya gunia. Kwa hiyo kimya chake si ushahidi wa salama.

#25 Karani wa Ghala
Habari zenu. Mwanangu anasoma huu uzi akaniambia mama njoo uone watu wanaongelea kazi yako. Nimefanya kazi ya ghala misimu mingi.

Kuhusu hizo saba kati ya tisa. Wakulima hawaleti wote kwa gunia la katani. Wengine wanaleta baadhi kwa mfuko wa salfeti, halafu mnahamisha. Hapa kwetu mfuko wa salfeti hatuukati kilo nzima, ni mwepesi. Kijana amwulize karani wake kama mbili kati ya zile tisa zilikuwa salfeti na alizipitisha bila kukata. Inawezekana programu yake haina kosa mara hii, ni karani aliyerekebisha kwa mkono.

Na huo mfano wa dirisha la ghala, wa juu kule, ni mzuri lakini mmesahau stakabadhi. Tangu korosho ya huku ianze kuuzwa kwa stakabadhi ghalani, msimu wa 2007/2008, mkulima hahitaji kuchungulia dirishani. Ana karatasi yenye kilo za siku aliyopokelewa. Mlango ukifunguliwa au usifunguliwe, karatasi yake inasema vilevile.

#26 Mwalimu wa Newala
Mama, umetufundisha. Stakabadhi ndiyo nakala isiyobadilika. Dirisha ni kiolesura cha kusoma tu. Nitaomba ruhusa yako niutumie mfano huu darasani.

#27 Karani wa Ghala
Tumia mwalimu, bure. Ila usiwaambie wanafunzi kwamba karatasi ndiyo ukweli. Korosho inakauka. Ikikaa ghalani unyevu unatoka, uzito unashuka, sisi tunaita unyaufu. Stakabadhi inasema kilo mia nane, siku ya kupakia mizani inasema pungufu. Tumegombana sana kwa hilo. Mwenye karatasi anashika karatasi, mwenye dirisha anasema njoo uone mwenyewe. Na wote wawili hawasemi uongo.

#28 NgalawaMikindani
Nimeusoma ujumbe wa mama mara tatu. Kumbe nilipokuambia "mpe nakala", kijana, nilikuambia nusu. Nakala inazeeka. Ukurasa wa jumla ya siku, ule ambao meneja anautazama gunia zikiingia, ukiupa nakala utaonyesha kilo za asubuhi hadi jioni. Pale unataka dirisha. Karatasi ya mkulima unataka stakabadhi. Kiolesura ni kilekile List, na kwa nje hutaweza kuvitofautisha.

#29 Binti Shangani
Na hapo ndipo narudi kwenye #10. Kama huwezi kuvitofautisha kwa nje, jina lina lawama 🙂

#30 Mwera wa Ruangwa
Halafu gharama je? Kila ukiita get unanakili. Orodha ya magunia 15 sawa. Ikiwa ya msimu mzima, kila kioo kikijichora upya unanakili maelfu ya mizigo kwenye simu ya bei rahisi. Kwetu tunarudisha IReadOnlyList inayoelekeza kwenye List ileile, tunaandika kwenye maelezo kwamba ni dirisha, basi.

#31 Fundi Ligula
Ukirudisha List yako halisi kwa jina la IReadOnlyList, mjanja anaikasti (anailazimisha ichukuliwe) kuwa List na kuingia mlangoni. Ifunge kwa ReadOnlyCollection, hiyo ni nondo ya kweli.

Kotlin nako vilevile. Ile "orodha" ya mwenye uzi kwenye #1 ukiilazimisha kwa as MutableList inakubali, maana chini yake ni ArrayList. Ukifanya hivyo kwa listOf, inagoma.

#32 Binti Shangani
Marekebisho kidogo Fundi. Kwa listOf yenye vitu ndani, kwenye JVM (mashine ya Java inayoendesha Kotlin), kukasti kunakubali. Kinachogoma ni add. Na ukiwa na vitu viwili au zaidi, kubadilisha kilichomo, yaani kuweka thamani mpya kwenye nafasi ya kwanza, INAPITA, kwa sababu chini yake ni ile Arrays.asList ya Java ambayo urefu wake haubadiliki ila nafasi zinabadilishika. Jaribu uone. Mimi nilishangaa.

#33 Fundi Ligula
Nimejaribu sasa hivi. Imepita. Miaka yote hii! Asante binti yangu.

#34 Korosho Daraja Kwanza
Nimechelewa, huku kwetu umeme ulikatika. Mmeongea yote isipokuwa faida kubwa ya kutenganisha kusoma na kuandika. Mnaiongelea kama ulinzi tu, wakati inaruhusu kitu ambacho bila yake hakiwezekani.

Una aina Korosho, na mtoto wake KoroshoDarajaLaKwanza. Una orodha ya daraja la kwanza. Fanksheni ya kujumlisha kilo inaomba List ya Korosho yoyote. Je, unaweza kuipa orodha yako? Kotlin inasema ndiyo, kwa sababu List imetangazwa na neno out: inatoa tu, haipokei. Kila utakachochota humo ni korosho, hakuna hatari.

Sasa fanya fanksheni iombe MutableList ya Korosho. Kompaila inakataa, na inakataa kwa haki. Ungeruhusiwa, yule aliyepokea angeona ni orodha ya korosho yoyote, akamimina daraja la pili. Wewe uliyebaki na jina la zamani unaamini ni daraja la kwanza tupu, kumbe gunia limechafuliwa. Kila mtu wa huku anajua kuchanganya madaraja kunamfanya nini mnunuzi kwenye mnada.

Java iliruhusu kwa safu zake tangu mwanzo, ndiyo maana ikabidi iweke ArrayStoreException ya kukamata mchanganyaji wakati programu inakimbia.

#35 Mwalimu wa Newala
Nakubaliana nawe kabisa, na nashukuru kwa mfano. Niongeze kwamba ndiyo hoja inayonifanya nisikubali kwamba kiolesura cha kusoma tu ni "usalama nusu". Kwa aliyeandika fanksheni ya kujumlisha, List inamwambia msomaji: humu ndani sitagusa magunia yako. Hiyo ni ahadi ya anayepokea. Mwenye uzi aliisoma kama ahadi ya anayetoa. Kigezo cha fanksheni (kinachoingia) na thamani inayorudishwa (inayotoka) ni vitu viwili.

#36 Mwera wa Ruangwa
Hapo mwalimu umenigusa. Kwenye vigezo, kusoma tu inatosha. Kwenye kurudisha, haitoshi. Nimekuwa nikitumia sheria moja kwa vyote.

#37 NgalawaMikindani
Mimi sikubali haraka hivyo. Fanksheni ikipokea List na kuihifadhi ndani ya klasi yake, siyo kuisoma na kuiacha, tatizo la dirisha linarudi kwa mlango wa nyuma. Kigezo kikihifadhiwa, kinakiliwe.

#38 PwezaWaKilwa
Boti imefika Kilwa Masoko. Mnauliziwa: yule mzee wa gunia 15 alilipwa kilo ngapi?

#39 Kijana wa Chikongola
Swali zuri Pweza, na ndilo nililokuwa nalo moyoni. Kilo sahihi ni 1,228, kwa sababu uzito wa gunia lazima ukatwe. Kilichokuwa kibaya ni kioo, kilimwonyesha kabla ya kukata bila kumwambia. Nilimfuata nyumbani nikamweleza. Alinisikiliza, akasema angeonyeshwa namba moja tangu mwanzo asingelala na mawazo.

Nilichobadilisha mpaka sasa: kilo ni val. Mzigo una kilo ghafi na uzito wa mfuko, vyote val, kilo halisi inakokotolewa. "Maliza" inatengeneza Stakabadhi yenye orodha yake yenyewe, iliyonakiliwa mara moja. Ukurasa wa meneja nimeuachia dirisha. Mfuko una aina mbili, katani na salfeti, kama alivyosema mama.

Ila jioni hii, kwa programu ya zamani iliyobaki kwenye simu ya karani wa pili: gunia 4, tofauti kilo 3.

#40 NgalawaMikindani
Thredi. Imesomwa moja kabla haijakatwa.

#41 Karani wa Ghala
Au moja ilikuwa salfeti. Mtafute mwenye mzigo umwulize.

#42 Binti Shangani
Au kilo zako ni Double (namba za desimali) na unazikata desimali kwa njia moja kwenye kioo na kwa nyingine kwenye printa. Hatujaona hata mstari mmoja wa msimbo wa printa tangu uzi uanze. Uweke hapa.

#43 Kijana wa Chikongola
Nitauweka kesho, upo kwenye kompyuta ya ofisini. Mwenye mzigo ni wa Msijute, namba yake ninayo. Nampigia asubuhi kabla hajaenda shamba.